Kikombe cha Kuonja

Tarehe 6 Februari

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Na huyo mchumba wako mrefu, yule anayeinama kupita mlangoni, naye hajambo? Mimi huku sijambo. Napumua, natembea, nakula, ingawa hicho ninachokiita kula nitakueleza huko mbele.

Najua shangazi yako ameshakupigia simu kukwambia nilikata roho jikoni nikafufukia hospitalini. Usimsikilize. Shangazi yako hutia chumvi kila neno, na mimi nimekatazwa chumvi ya kila aina. Ilikuwa hivi: nilikuwa kwenye sufuria kubwa, shughuli ya watu wa chuo, wageni tele, mara kifua kikanibana kama kuna mtu kanikalia. Nikasema ni joto la moto tu. Mkono wa kushoto ukafa ganzi, jasho baridi likanitoka, na wasichana wangu wa jikoni wakanidaka kabla sijaangukia mchuzi. Daktari anasema ule ulikuwa mshtuko wa moyo. Mshipa uliziba, wameuzibua, lakini moyo umebaki dhaifu, hausukumi damu kama zamani.

Nilidhani watanipa vidonge waniage. Thubutu! Wameniingiza darasani. Hii kliniki ya moyo ina watu wanne wanaokaa meza moja na mgonjwa. Yupo Daktari mwenyewe, mtu mzima asiyejua kucheka. Yupo Muuguzi, anayetupima uzito na presha na kutukaripia kama katuzaa yeye. Yupo kijana wa mazoezi, tunamwita Kocha. Na yupo msichana wa mambo ya chakula, mwembamba kama uzi, tumempachika jina la Bi Lishe. Siku nilipokuta wote wanne wamenikodolea macho, nilijua nimefikishwa mahakamani.

Bi Lishe akatuletea supu ya mboga isiyo na chumvi hata chembe. Nikamuuliza, "Binti, hii ni supu au ni maji waliyoogea karoti?" Darasa zima likaangua kicheko, pamoja na Mwalimu mstaafu anayekaa kiti cha pili kutoka kwangu, ambaye moyo wake ni mbovu kuliko wangu na hakuruhusiwa kucheka sana. Bi Lishe hakununa. Akasema, "Haya mama, wewe ni mpishi. Ifanye iwe tamu bila kuiongezea chumvi." Nikatazama lile bakuli. Mwanangu, sikujua pa kuanzia.

Halafu wakaniuliza ninataka nini. Si wao wanataka nini, mimi ninataka nini. Nikawaambia ninataka jambo moja tu: mwezi wa nane mwanangu anakuja kuolewa nyumbani, na chakula cha harusi yake nitakipika mimi, kwa mikono hii. Daktari akakuna kidevu. Hakusema ndiyo, hakusema hapana.

Loo, nimejaza kurasa nne! Msalimie mkwe wangu mtarajiwa.

Mama yako


Tarehe 22 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, kazi ya miwani inaendelea, macho ya watu hayaishi kuharibika na sisi hatuishi kusugua vioo. Mrefu anakuamkia na anasema mlango wako ndio mfupi.

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza nikacheka, mara ya pili nikalia. Mama, tangu lini wewe ukaandika kurasa nne? Tangu ile simu yako itumbukie kwenye mchuzi ukaapa hutaki nyingine, barua zako kwangu ni mistari mitatu: upo, kazi imekubana, nile vizuri. Nilikuwa nikilalamika. Sasa ndiyo naona nilikuwa nalilia mabaya. Kurasa nne maana yake umekaa kitini mchana kutwa, na wewe sijawahi kukuona umekaa.

Kuhusu harusi, jibu ni hapana. Tumeshaamua, chakula tutaagiza hotelini. Wewe utavaa upendeze, utakaa mbele, utaletewa sahani kama wageni wengine. Usinikasirikie. Baba nilimzika, nikiwa bado natafuta maneno ya kumwambia. Sitaki harusi yangu iwe siku ya kukupoteza wewe. Naogopa, mama, na sioni aibu kukwambia.

Mwanao


Tarehe 15 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nashukuru kwa salamu, na kwa mengine sishukuru.

Chakula cha hotelini! Mimi nimewalisha maarusi wa mji huu mpaka watoto wao nao wakaja kuoa nikawalisha, leo kwenye harusi ya mwanangu mwenyewe watu wale nyama iliyopashwa moto? Nimesoma hilo neno lako nikaenda kupimwa presha, Muuguzi akaniuliza, "Umegombana na nani?" Nikamwambia na wewe. Akasema tugombane kwa upole.

Lakini umesema unaogopa, na hilo nimelisikia. Basi nikueleze tunavyofanya huku, labda utapoa.

Kocha aliniuliza kazi yangu inadai nini mwilini. Nikamwonyesha: kuinama, kunyanyua, kusimama, na kukoroga kwa ule mwiko mrefu wa shughuli. Siku ya pili nakuta ndoo ya mchanga uliolowana, na mwiko wangu mwenyewe, kauagiza kwa shangazi yako. "Koroga, mama," anasema. Kanifunga kifaa cha kuhesabu mapigo ya moyo, na yeye kasimama pembeni kakunja mikono. Nikikoroga kwa hasira ananizuia: "Taratibu, huo mchanga haujakukosea." Mwalimu mstaafu kila akipita anauliza kama umeiva.

Nimejifunza kukoroga nikipumua. Maisha yangu yote nilikuwa nikibana pumzi kwenye kazi nzito bila kujijua. Nimejifunza kupumzika kabla sijachoka. Na Bi Lishe na mimi tunabishana vizuri sasa. Ananifundisha ndimu, tangawizi, kitunguu saumu kilichokaangwa pole pole, mimi namfundisha kushika kisu, maana anakatakata vitunguu kama anayeviomba radhi.

Habari kubwa nimeiweka mwisho: wameniruhusu kurudi jikoni. Nakaa kwenye kigoda, nasema tu, wasichana wanafanya. Sinyanyui kitu, na sahani yangu ni ile ile ya Bi Lishe, siiongezei hata punje. Mwezi wa nane utanikuta nimesimama.

Mama yako asiyekula hotelini


Tarehe 12 Mei

Mama,

Shikamoo. Hujambo kweli?

Nilikuandikia mwezi wa nne, hukunijibu. Nimempigia shangazi, anasema "yupo, yupo tu," kisha akanyamaza. Mama, shangazi akikosa maneno mimi najua kuna jambo. Nimeshindwa kazi. Jana nimesugua jozi nzima ya vioo vya mteja nikavibadilisha, cha kulia kushoto, mzee wa watu akatoka nje akijigonga na mlango.

Sitaki kurasa nne. Sitaki hata mistari mitatu. Andika "nipo" tu, kwa mwandiko wako, uitume.

Mwanao


Tarehe 27 Mei

Mwanangu mpenzi,

Nipo.

Nilimkataza shangazi yako kukwambia, mlaumu mimi. Nililazwa tena. Mwanzo ilikuwa viatu. Vilinibana, nikasema vimesinyaa kwa mvua. Halafu miguu ikavimba wazi wazi, nikaanza kuhema kwa kupanda ngazi ya mlangoni tu, nikawa nalala nimeegemea mito kama mtu anayesubiri wageni. Maji yalikuwa yamejaa mwilini na moyo umeshindwa kuyasukuma.

Wakanitoa maji, nikapata nafuu, kisha nikaitwa kwenye ile meza. Mwanangu, siku ile niliona haya ya bure. Muuguzi akasema uzito umekuwa ukipanda tangu nirudi jikoni. Bi Lishe akasema sahani yangu ni safi, kaichunguza mwenyewe. Kocha akasema mazoezi nafanya sawasawa. Daktari akavua miwani, akaniuliza taratibu, "Mama, vidonge unavimeza kweli?" Nikalia. Nikamwambia vidonge nameza, chumvi siigusi, kama hamniamini nifungieni hapa hapa. Na niliyoyasema yalikuwa kweli tupu. Hakuna aliyejua chumvi inaingilia wapi, hata mimi.

Ni Kocha aliyesema, "Sisi tumemwona akikoroga mchanga. Mchuzi hatujamwona akipika." Wakanipeleka kwenye jiko dogo la darasani. Bi Lishe akaniomba niwapikie supu kama ya shughuli, ya kawaida, na chumvi yake, eti waigawie wauguzi wa zamu. Wakakaa pembeni wote wanne. Nikaona kumbe ni jambo dogo, nikapika. Unanijua nikipika, sioni mtu. Nikachota, nikaonja kwenye kiganja. Nikaongeza kitunguu, nikaonja. Nikapunguza moto, nikaonja. Ikakolea, nikaonja nijue imekolea kiasi gani. Nikaifunika, nikaifunua, nikaonja.

Nilipogeuka, Bi Lishe ananitazama ameshika kikombe. Kila nilipoonja, naye alichota kiasi kile kile akatia kikombeni. Akakiweka mbele yangu. Kilikuwa kimejaa pomoni.

"Mama," akasema, "hiki umeshakunywa leo, na bado hujala."

Nikamwambia, "Sijala kitu mimi. Nimeonja tu."

Nikajisikia nikilisema lile neno. Mwanangu, ningeapa mahali popote kwamba sijala. Mpishi akionja hahesabu, ni kama kupepesa macho. Na hiyo ni sufuria moja. Jikoni kwetu kuna masufuria mangapi kwa siku, nami nimekaa kwenye kigoda, kila msichana ananiletea mwiko wake nionje nimwambie kama mchuzi umekolea? Daktari alivaa miwani yake akaniomba radhi kwa lile swali la vidonge. Nikamsamehe, lakini macho yangu hayakutoka kwenye kile kikombe.

Sasa wameniambia kauli moja. Wakati ukifika watakaa wote wanne, na nitapika harusi ikiwa wote wamesema ndiyo. Sauti moja ikisema hapana, basi, nitakaa mbele niletewe sahani. Nimekubali. Unaweza kuweka oda yako hotelini, lakini usilipe kwanza.

Mama yako


Tarehe 10 Juni

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, shikamoo tena.

"Nipo" yako nimeikata nikaibandika juu ya meza yangu ya kazi. Mrefu alitaka tufanyie harusi huku huku usisumbuke, nikamwambia kama ana hamu ya kuoa peke yake aendelee.

Mama, nimekumbuka nilipokuwa mdogo. Ulikuwa hukai mezani nasi. Nilikuwa nakuuliza mbona huli, unasema umeshashiba. Nilidhani unatuachia sisi chakula. Kumbe ulikuwa umeshiba kweli!

Sikiliza, nakubali kauli ya hao wanne. Wakisema ndiyo wote, nami ndiyo. Akikataa mmoja, nitasimama upande wake, hata ulie vipi. Lakini nitakwambia siri ya moyo wangu: nataka wakubali. Nimeonja chakula cha ile hoteli kwa mawazo tu na kimenikaa kooni.

Mwanao


Tarehe 19 Julai

Mwanangu,

Hujambo? Safari mmeshaiandaa? Mimi miguu imerudi kuwa miguu. Viatu vinaingia, nalala chali, na napanda ngazi huku nikimsengenya jirani bila kukatika pumzi, na hicho ndicho kipimo changu mwenyewe.

Wiki iliyopita walikaa. Muuguzi akatangulia: ndiyo, uzito umetulia. Kocha: ndiyo, ila wasichana wanyanyue, mimi nikoroge kwa zamu na kupumzika. Daktari akanitazama muda, akasema ndiyo, na nadhani mdomo ulimcheza kidogo. Akabaki Bi Lishe. Nikamtabasamia, mwanafunzi wangu wa vitunguu.

"Hapana," akasema.

Akaendelea, machozi yanamlengalenga, "Kwenye harusi ya mwanao utaonja. Hutajizuia, kwa sababu unampenda." Nikasema nitaonja niteme. Muuguzi akauliza, mbele ya wakwe? Nikasema wasichana wangu wataonja. Bi Lishe akaniuliza, "Kuna hata mmoja anayeweza kukwambia ni kibaya?" Wale wananiogopa. Nikipika majivu watasema matamu. "Basi mama," akasema, "niletee mtu asiyekuogopa, mwenye ulimi unaouamini. Ukimpata, nami nasema ndiyo."

Katika mji huu mtu wa namna hiyo ni mmoja, na unamjua. Bi Moshi.

Ndiyo, huyo huyo wa ng'ambo ya barabara, ambaye moshi wa jiko lake unaingia kwangu na wateja wangu wanaingia kwake. Huyo aliyesema mbele ya watu kwenye shughuli ya bwana wa benki kwamba mchuzi wangu umepooza. Hatujasalimiana tangu siku ile. Na kilichoniuma, mwanangu, ni kwamba ulikuwa umepooza kweli.

Nimeizunguka barabara ile mpaka wapita njia wakaanza kunishangaa. Mwisho nikabisha hodi. Akafungua, mkono kiunoni.

"Leo umeishiwa nini? Umekuja kuomba chumvi?"

"Chumvi nimekatazwa," nikasema. "Nimekuja kuomba ulimi."

Nikamweleza yote, nimesimama pale pale mlangoni. Hakucheka. Akaniambia, "Miaka yote hii nakusema, kumbe ulikuwa unanisikia?"

"Ningeachaje kukusikia, na sauti yako ile?"

Akanivutia kiti. Akasema siku nilipoanguka alizima majiko yake yote mawili, wateja wakaondoka na njaa, akakaa. Hakuja kunitazama kwa sababu aliogopa nitamfukuza. Nikamwambia ningemfukuza. Hapo ndipo tukacheka, mpaka ikabidi nipumue kama Kocha alivyonifundisha.

Nilimpeleka mbele ya Bi Lishe. Akamwonjesha supu ya darasa ya siku hiyo, kazi ya mikono yangu. Bi Moshi akalamba midomo, akasema, "Ndimu imezidi. Aliyepika hii ana haraka."

"Ndiyo," akasema Bi Lishe. "Ndiyo, ndiyo, ndiyo."

Mwanangu, vunja oda ya hoteli.

Mama yako mpishi


Tarehe 9 Septemba

Mama yangu,

Shikamoo. Tumefika salama, na mume wangu (nimeliandika neno hili mara tatu kwenye karatasi ya pembeni kwanza, kulizoea) anakuamkia. Koti lake bado linanukia kitunguu saumu na hataki lifuliwe.

Wewe siku ile ulikuwa nyuma, chini ya turubai la jikoni, kwa hiyo kuna mambo hukuyaona, na mimi nimeyabeba mpaka huku ili nikuandikie.

Hukuona kwamba Bi Lishe alipita kila meza akaweka kibakuli cha chumvi, mgeni anayetaka ajiongezee mwenyewe. Mimi nikamfuata baadaye, na gauni langu refu, nikikagua meza moja moja. Vibakuli vilikuwa vimejaa vile vile. Watu wanarudia sahani, mjomba wake Mrefu amefungua kifungo cha suruali, Mwalimu mstaafu anawaambia wenzake wa meza kwamba mpishi ni mwanafunzi mwenzake, na hakuna aliyekumbuka chumvi. Kibakuli kimoja tu kilikuwa kimechotwa, kwenye meza ya kliniki. Muuguzi alikuwa ameushika mkono wa Daktari juu ya sahani, kijiko kimejaa. "Umeshikwa!" anamwambia. Na mama, Daktari alicheka. Alicheka mpaka Kocha akampiga mgongoni.

Lakini kuna lingine, nalo ni la kabla ya hayo yote. Asubuhi nilikuwa nimevaa tayari, wananitafuta, nami nimejibanza kwenye pengo la turubai nikuone. Niseme kweli, nilikuja kukuchunga. Nilikuwa nimejiapiza nikikuona umechoka nakuja kukutoa pale na gauni langu jeupe, mchuzi na umwagike. Ulikuwa unakoroga, polepole, unapumua. Ukampa msichana mwiko, ukakaa, ukainuka tena mwenyewe. Ukachota kijiko. Ukakipeleka mdomoni, kama ulivyofanya maisha yako yote, nami nikalishika turubai niingie. Kijiko kikafika karibu na midomo, kikakaa hapo hewani. Uliunusa ule mvuke, umefumba macho. Halafu ukageuza mkono, ukamlisha Bi Moshi.

Akatafuna, akakutazama, akatikisa kichwa: hapana. Ukakunja uso, ukaongeza kitu, ukachota tena, ukamlisha tena. Safari hii alikushika bega, akaitikia kwa kichwa.

Mfungishaji ndoa aliponiuliza kama nimeridhia, watu walisema sauti yangu ilitoka kubwa mno kwa bibi harusi. Mimi nilikuwa nimeshasema ndiyo tangu pale kwenye turubai. Sikuwahi kujivunia mtu kama nilivyojivunia wewe na kile kijiko hewani.

Sasa niandikie, mama. Niandikie kwa kirefu, usinifiche kitu. Mizani inasemaje? Kocha anakukorogesha nini sasa? Daktari amecheka tena? Na miguu je? Nataka kurasa nne, tano, hata sita.

Mwanao, mke wa mtu


Tarehe 30 Septemba

Mwanangu,

Nipo. Kazi imenibana, kuna harusi mbili Jumamosi na Bi Moshi anasema mchuzi umepooza. Kula vizuri.

Mama